MSHAURI WA SIASA WA KUKODIWA: NI KAZI GANI, NA NANI AMLIPA?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wawakilishi wa matawi, nayo yamechapwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika mkutanoni.)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi moja ambayo bado haijapata jina zuri katika Kiswahili. Wenyewe hujiita washauri wa kimataifa wa mikakati ya siasa na mambo ya umma. Jina hilo refu halimwambii mtu lolote, na pengine ndiyo sababu likachaguliwa. Sisi tutamwita mshauri wa kukodiwa, kwa kuwa hilo ndilo jambo la kwanza la kujua juu yake: hukodiwa kama lori likodiwavyo, na mzigo anaobeba ni wa mwenye kulipa.

Hatusemi hayo kwa kumdharau. Yeye naye ni mtu wa kazi. Ana tajiri wake, ana mkataba, na akishindwa hapati mkataba mwingine. Lakini seremala akimaliza kiti, kiti twakiona, twakikalia, na kama ni kibovu twajua siku ileile. Kazi ya mshauri huyu haionekani. Ikiwa ameifanya vizuri, wewe mwenyewe wadhani kwamba wazo lile lilizaliwa kichwani mwako. Kwa hiyo yafaa mfanyakazi ajue jinsi inavyofanywa, kama vile anavyojua mashine anayosimama mbele yake.

Afikapo katika nchi, haanzi kwa kusema. Huanza kwa kuuliza. Hutuma vijana wenye karatasi au simu, nao huuliza maelfu ya watu: Waogopa nini? Wamwamini nani? Bei ya unga yakuumiza zaidi, au ni mtoto wako aliyemaliza shule na kukosa kazi? Kisha huwakusanya watu wanane au kumi katika chumba, akawapa soda na nauli, akawaacha wazungumze huku kila neno likiandikwa. Majibu yakirudi huwagawa watu mafungu matatu: walio wetu tayari, wasioweza kuwa wetu kamwe, na walio katikati. Fedha nyingi huwekwa kwa hao wa katikati. Hao wasioweza kuwa wetu hawaachwi hivi hivi. Yatosha wakate tamaa, wakae nyumbani siku ya kura.

Baada ya hapo huchagua maneno, tena machache. Huyajaribu kwa watu kama mpishi aonjavyo mchuzi, na neno lisilopendwa hutupwa hata kama ni la kweli. Lile lililopendwa hurudiwa redioni, magazetini, katika mabango, na siku hizi katika simu yako, hata utakapolisema mwenyewe ukiwa ndani ya matatu.

Hiyo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa ofisini, mbali na watu: kumwona waziri, kumwona mhariri, kumwona mbunge aliye katika kamati inayoandika sheria, kumwona balozi. Hiyo ndiyo waiitayo mambo ya umma, ingawa umma haualikwi.

Sasa, kazi hii ilianza wapi? Ushawishi wa siasa ni wa zamani, lakini kampuni iliyofanya kuendesha kampeni kuwa biashara yake kamili ilianzishwa California, nchini Marekani, mwaka 1933. Waliokuwa nayo ni watu wawili, Clem Whitaker na Leone Baxter, ambao baadaye walioana. Waliiita Campaigns, Inc. Tunataka kukaa kidogo na habari yao, maana mengi tunayoyaona leo katika simu zetu hao waliyafanya kwa karatasi na wino.

Mwaka 1934 mwandishi Upton Sinclair aligombea ugavana wa California. Huyu ndiye aliyeandika kitabu The Jungle, kilichotolewa mwaka 1906, juu ya mateso ya wafanyakazi wa viwanda vya nyama huko Chicago. Wakati ule watu wasio na kazi walikuwa wengi mno. Sinclair alitaka viwanda vilivyofungwa na mashamba yaliyolala wapewe watu wasio na kazi ili wajizalishie chakula na nguo. Alishinda kura za ndani ya chama chake, na matajiri wakaingiwa na hofu.

Whitaker na Baxter walikodiwa wamwangushe. Hawakujibu mpango wake. Walijifungia pamoja na vitabu vyake, wakatafuta maneno mabaya. Sinclair alikuwa ameandika hadithi nyingi, na katika hadithi kuna watu wa kila namna, walevi na waongo na wenye hasira. Mtu mmoja katika hadithi husema vibaya juu ya ndoa. Basi maneno yake yalitolewa katika gazeti kana kwamba ni Sinclair anayesema. Kila siku, kwa majuma mengi, gazeti la Los Angeles Times lilitoa kisanduku cha maneno hayo katika ukurasa wa kwanza. Sinclair alipata kura zaidi ya 879,000, lakini alishindwa na Frank Merriam. Miaka mingi baadaye Baxter alikubali waziwazi kwamba maneno yale hayakuhusu jambo lenyewe, ila wao walikuwa na shabaha moja tu, kumzuia asiwe gavana.

Angalieni, ndugu. Mpango wa Sinclair huenda ulikuwa na makosa, na mtu angeweza kuupinga kwa hoja. Lakini mtu asiye na kazi wa California hakupewa nafasi ya kusikia hoja hiyo. Alipewa hadithi ya ndoa.

Mwaka 1942 kampuni ileile ilimsaidia Earl Warren kuwa gavana wa California. Mwaka 1945 Warren alipendekeza bima ya afya ya lazima, ambayo mfanyakazi na mwajiri wangeilipia kwa makato ya mshahara. Chama cha madaktari cha California kikawakodi Whitaker na Baxter wampinge, nao wakampinga na kushinda. Miaka mitatu tu! Hakukuwa na chuki wala usaliti hapo kwa mawazo yao. Mteja alikuwa mwingine, basi.

Halafu jambo likawa la taifa zima. Rais Truman alishinda uchaguzi wa Novemba 1948 akiwa ameahidi bima ya afya kwa wananchi wote, na vyama vikubwa vya wafanyakazi vilikuwa upande wake. Chama cha madaktari wa Marekani kiliwatoza wanachama wake dola 25 kila mmoja, kikawakodi wale wawili kwa dola 100,000 kwa mwaka. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kulipa jambo jina. Hawakusema bima ya taifa. Walisema udaktari wa kisoshalisti, katika miaka ambayo neno hilo lilimtia Mmarekani baridi. Ya pili, walichukua picha ya zamani aliyoichora Luke Fildes wa Uingereza mwaka 1891, ya daktari ameketi karibu na mtoto mgonjwa, wakaandika chini yake onyo kwamba siasa zisiingizwe katika picha hii, wakaisambaza katika vyumba vya madaktari. Mama aliyempeleka mtoto wake mwenye homa aliletewa siasa pale pale benchini, kwa jina la kufukuza siasa. Ya tatu, waliwapa watu kitu kingine cha kushika, yaani bima za makampuni, kwa kuwa walijua kwamba kupinga bila kuonyesha njia nyingine hakutoshi. Hilo la tatu twawasifu kwalo; vyama vingi vya wafanyakazi hulisahau.

Mpango wa Truman ulikufa. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani vikageukia mikataba, vikadai bima kwa mwajiri mmoja mmoja. Wazee wa nchi ile walingoja hadi 1965 wapate bima ya serikali, na hata leo mfanyakazi wa huko akifutwa kazi mara nyingi hupoteza kazi na hospitali siku moja. Sisi hapa tuna manung'uniko yetu. Bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966 iliondolewa, na tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa mfuko mpya, na kila mmoja hapa ana kisa cha kusimulia juu ya hospitali. Lakini sisi twagombana juu ya namna ya kuendesha mfuko. Wale wenzetu walinyimwa mfuko wenyewe, na sehemu ya ushindi ule ililipiwa dola 25 25.

Turudi nyumbani sasa, maana mtu aweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu na ya zamani.

Mwaka 1990 watu walipigwa Kamukunji kwa kudai vyama vingi. Wakati huohuo serikali ya Kenya ilikuwa na wasemaji wake wa kukodiwa huko Washington. Ripoti iliyotolewa mwaka 1992 na Center for Public Integrity ya Marekani ilihesabu kwamba mwaka 1991 Kenya ilitumia zaidi ya dola milioni 1.4 kwa wasemaji hao, huku ikipokea msaada wa Marekani wa dola milioni 38. Hesabu hizo ziliwezekana kwa kuwa Marekani ina sheria ya mwaka 1938 inayomlazimisha mtu anayeisemea serikali ya nchi ya nje ajiandikishe katika wizara ya sheria na kuonyesha malipo. Mtu yeyote aweza kufungua mafaili hayo. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba Mkenya wa siku zile angeweza kujua zaidi juu ya fedha za serikali yake akiwa Washington kuliko akiwa Nairobi.

Kisha zikaja chaguzi za 2013 na 2017. Kampuni ya Kiingereza iitwayo Cambridge Analytica ilijisifu yenyewe kwamba mwaka 2013 iliwahoji watu 47,000 katika Kenya kwa ajili ya chama kimoja kikubwa. Machi 2018, mmoja wa wakubwa wake, Mark Turnbull, alinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 ya London. Alidhani anazungumza na mteja. Alieleza kwamba katika Kenya walikibadili chama kizima sura na jina mara mbili, wakaandika ilani yake, wakafanya uchunguzi wa watu 50,000 mara mbili, na wakaandika hotuba. Alieleza pia kwamba haina faida kupigania uchaguzi kwa mambo ya hakika, bali kwa moyo wa mtu, kwa matumaini yake na hofu yake. Mkubwa mmoja wa Jubilee alikubali baadaye kwamba chama kiliikodi kampuni iliyohusiana na hiyo kwa kazi ya kutengeneza sura ya chama. Cambridge Analytica ilifungwa Mei 2018, baada ya kujulikana kwamba habari za watu wapatao milioni 87 wa Facebook zilichukuliwa isivyofaa.

Lazima tuwe na haki katika kusema. Muuzaji huyo alikuwa akijaribu kuuza, na muuzaji hukuza mambo. Wakenya hawakupiga kura kama vibaraka kwa sababu ya kampuni moja. Tuna akili zetu na tuna sababu zetu, nyingine nzuri na nyingine mbaya. Tena haikuwa upande mmoja. Hayati Raila Odinga na wenzake wa NASA nao walikuwa na watu wao wa nje, na mwezi Agosti 2017, siku chache kabla ya kura ya tarehe 8, Mmarekani mmoja na Mkanada mmoja waliokuwa wakiwashauri walikamatwa na kufukuzwa nchini. Hivyo basi, nyumba zote mbili zilikuwa na wapishi wa kukodiwa.

Lakini fikirini hofu ni kitu gani katika nchi hii. Mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008 watu zaidi ya 1,100 walikufa. Hofu kwetu ina jina la kabila, ina jina la mtaa, ina jina la jirani. Mwaka 2017 sinema fupi ilitembea katika intaneti ikionyesha Kenya ya moto na njaa endapo Odinga atashinda. Desemba mwaka ule shirika la Privacy International lilieleza kwamba kampeni hiyo ilikuwa kazi ya Harris Media, kampuni ya Texas. Mtu aliyekaa Texas, ndugu, hahitaji kukimbia Burnt Forest usiku na godoro kichwani. Hilo ndilo tofauti kati ya mshauri na wewe: kura ikiisha yeye hupanda ndege.

Na kuna lingine ambalo magazeti hayakulisema sana, nalo latuhusu sisi kuliko wote. Mwaka 2017 ulikuwa mwaka gani kwa wafanyakazi? Madaktari walikuwa wamegoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kwa mkataba uliotiwa sahihi na kuachwa kabatini. Wauguzi waligoma kuanzia Juni, na walipiga kura ya Agosti wakiwa bado nje, na hawakurudi kazini hadi Novemba. Hospitali za serikali zilikuwa tupu. Katika nchi ambayo siasa ni ya mambo ya watu, uchaguzi ule ungekuwa juu ya mkataba wa wauguzi. Kila mgombea angeulizwa jukwaani: utaulipa, au hutaulipa? Badala yake simu zetu zilijaa moto na damu. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hasara kubwa iletwayo na kazi hii. Uongo ni hasara, lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba jambo letu hufukuzwa mezani, na hatuoni likiondoka.

Wengine husema: sisi wafanyakazi tuna lugha yetu ya kupigania haki, hatudanganyiki. Basi tazameni Afrika Kusini. Mwaka 2016 kampuni ya London iitwayo Bell Pottinger ilikodiwa na Oakbay, kampuni ya familia ya Gupta, kwa pauni 100,000 kwa mwezi. Familia ile ilikuwa ikishutumiwa kwamba imeishika serikali ya Rais Zuma mkononi na kujichotea mali ya umma. Kampeni iliyofuata haikusema Gupta ni wema. Ilipiga kelele juu ya ubepari wa ukiritimba wa Weupe. Maneno hayo hawakuyabuni wao. Yalikuwa maneno ya wapigania uhuru na wa vyama vya wafanyakazi tangu zamani, tena yana ukweli ndani yake, maana uchumi wa nchi ile ulijengwa juu ya jasho la Mwafrika na bado haujasawazishwa. Ila sasa kidonda cha mchimba madini kilikuwa kikikodishwa kwa mwezi ili kumfunika tajiri mwingine. Chama cha wenye kazi hiyo cha Uingereza kiliwafukuza Bell Pottinger Septemba 2017, wateja wakakimbia, na mwezi huohuo kampuni ikaanguka. Wizi wenyewe ulichunguzwa na tume kwa miaka kadhaa, na mfanyakazi wa huko aliketi gizani umeme ukikatika.

Kwa hiyo, mtu akija mbele yetu na maneno ya ukombozi, haitoshi kupiga makofi kwa kuwa maneno ni yetu. Tuulize nani amelipia kipaza sauti.

Je, chama cha wafanyakazi kisimguse kabisa mshauri wa namna hii? Sisi hatusemi hivyo. Vyama vyetu havikukua kwa upepo. Tom Mboya alipokwenda Marekani mwaka 1956 alifanya kazi ileile ya kusema na wakubwa, magazeti na vyama, na fedha za vyama vya wafanyakazi wa huko zilisaidia kujenga Solidarity House hapa Nairobi. Wapo waliomlaumu kwa hilo hadi alipouawa mwaka 1969, na wapo walioketi katika jumba hilo huku wakimlaumu. Neno ni hili: aliyesema alikuwa kiongozi aliyechaguliwa, na wanachama waliweza kumwuliza.

Mfano ulio karibu zaidi na wakati wetu watoka Missouri, Marekani. Februari 2017 gavana wa jimbo hilo alitia sahihi sheria iitwayo haki ya kufanya kazi. Jina tamu! Nani atapinga haki ya kufanya kazi? Lakini ndani yake sheria yasema kwamba mtu aweza kufaidi mkataba uliopatikana na chama bila kulipa hata senti. Ninyi mnajua jambo hilo. Hapa Kenya kifungu cha 49 cha Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 chakubali asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, ikiwa anafaidi mkataba wetu. Waondoe kifungu hicho, wakiite uhuru wa mfanyakazi, na baada ya miaka michache chama hakina nauli ya kwenda mahakamani.

Wenzetu wa Missouri hawakukata tamaa. Sheria ya jimbo lao huwaruhusu wananchi kusimamisha sheria kwa sahihi hadi kura ipigwe. Walihitaji sahihi kama 100,000. Walikusanya zaidi ya 310,000. Walitumia wataalamu, naam, walinunua matangazo, naam, na fedha hazikuwa kidogo. Lakini kazi ya kubisha mlango kwa mlango ilifanywa na wanachama wenyewe, mfua chuma akimweleza jirani yake, mwalimu akimweleza mzazi. Tarehe 7 Agosti 2018 sheria ilikataliwa kwa asilimia 67, katika jimbo ambalo miaka miwili kabla yake lilimpigia Donald Trump kura nyingi. Watu waliotofautiana katika mengine yote walikubaliana juu ya mshahara.

Hapo twaona ni kitu gani mshauri wa kukodiwa hana. Ana kompyuta, ana picha, ana fedha. Hana mtu anayeaminiwa katika kila karakana, katika kila zamu, katika kila shamba la chai. Sisi tunaye, na jina lake ni mwakilishi wa tawi. Na kwa kuwa hana, hutafuta kununua kitu kilicho karibu nacho: daftari ya wanachama.

Hapa ndipo tulipotaka kufika, Bwana Mwenyekiti, maana matawi mawili yametuletea habari. Watu wamekuja wakiwa wamevaa vizuri, wakasema wanafanya uchunguzi wa maisha ya wafanyakazi, wakaomba nakala ya daftari. Katika tawi moja waliahidi viti vya ofisi na mashine ya kuchapa nakala. Hawakuonyesha barua ya yeyote wala kutaja anayewalipa.

Ndani ya daftari ile kuna nini? Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mwajiri, kituo cha kazi, mshahara kwa kuwa ada hukatwa kwa kadiri yake, na kwa wengine hata kaunti ya nyumbani na majina ya warithi wa mafao ya mazishi. Kwa mtu wa kura, hiyo ni dhahabu. Ajua wewe ni wa wapi, wapata kiasi gani, na simu yako italia wapi. Kwa mwajiri mbaya ni silaha, maana aweza kujua nani alijiunga na lini. Na tusidhani kwamba majina hayatembei. Juni 2021, msajili wa vyama vya siasa alipofungua njia ya kila mtu kujitazama katika mtandao wa serikali, Wakenya wengi sana walikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Nani alitoa majina yao? Wengi hawajui mpaka leo.

Sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema kwamba habari za mtu zilizochukuliwa kwa kazi moja zisipelekwe kwa kazi nyingine isiyolingana nayo, na kwamba mtu ana haki ya kujua habari zake zimetumiwaje. Yupo Kamishna wa kupokea malalamiko, na anaweza kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 5. Faini hiyo yaweza kuliangukia hata tawi letu, tukitoa daftari kwa viti vinne.

Kwa hiyo maagizo ya Kamati ni haya. Daftari ikae kabatini, na ufunguo uwe kwa katibu wa tawi na mweka hazina, si kwa mmoja peke yake. Ikiwa iko katika kompyuta, neno la siri libadilishwe kila karani anapobadilishwa. Mtu akija kuomba majina, asifukuzwe kwa matusi. Apewe kiti, na aandike kwa mkono wake jina lake, kampuni yake, anayemlipa, na sababu ya kuyataka. Tumeona kwamba wengi hawarudi baada ya kupewa karatasi hiyo. Akiandika, barua ije ofisi kuu, na jibu litatolewa na mkutano wa wajumbe, wala si na katibu peke yake.

Aliuliza mjumbe mmoja wa bandarini: je, wanachama wakatazwe kujibu maswali ya wale vijana wa mitaani wenye karatasi? Hapana. Kujibu ni hiari ya mtu. Lakini kabla ya kujibu muulize kijana yule nani amemtuma, na kama hajui, basi naye ni mfanyakazi asiyejua tajiri wake. Mwelezeni habari za chama. Wengi wao hulipwa kwa siku, bila mkataba.

Fomu za maombi ya majina zimechapwa na ziko kwa karani wa ofisi kuu. Kila tawi lipeleke mtu achukue kumi, na matawi ya mbali yatapelekewa kwa basi pamoja na stakabadhi za mwezi ujao.